Jina la Mtandao Pasiwaya: Linatambulisha Nini, na Halitambulishi Nini?

Utangulizi

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili alinijia ofisini akiwa amenywea. Siku mbili kabla yake alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai nje ya lango. Alifungua simu yake akaona jina la mtandao wa chuo, lile lile analoliona kila siku maktabani. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, ukamtaka aandike jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Akaandika. Kufikia jioni barua pepe yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na wenzake wawili walikwisha kutuma pesa kwa simu wakiamini kwamba yeye ndiye aliyeomba mkopo wa kumalizia ada.

"Lakini Mwalimu, jina lilikuwa sahihi," aliniambia mara tatu.

Nilimwuliza kama hakuliona tangazo lililobandikwa ubaoni kuhusu mitandao ya bandia. Alikuwa ameliona. Lilikuwa la Kiingereza, lenye istilahi ambazo hakuzielewa, naye akapita. Basi nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, mimi mwalimu wa Kiswahili mwenye shahada ya uzamili katika lugha hii, nikakwama katika sentensi ya pili. Nilikuwa sijui jambo lenyewe, na pia sikuwa na maneno ya kulieleza.

Hapa Uganda bado tunao watu wanaoamini kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na kambi, na kwamba mambo ya kompyuta hayasemeki kwa lugha hiyo. Kila tunapokwama hivyo mbele ya wanafunzi, tunawapa watu hao ushahidi. Katika makala hii nitajaribu kulipa deni langu kwa mwanafunzi yule. Nitaeleza jinsi mitandao isiyotumia waya inavyotambuliwa na kupewa majina, na kwa nini jina sahihi halikumwokoa.

Waifai ni nini, na jina hilo lilitoka wapi?

Tuanze na jina la teknolojia yenyewe. Mwaka 1997 taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE ilichapisha kanuni za mawasiliano ya kompyuta bila waya. Kanuni hizo zilipewa nambari 802.11. Nambari kama hiyo haiuziki dukani. Kwa hiyo mwaka 1999 makampuni yaliyokuwa yakitengeneza vifaa hivyo yaliunda umoja wao, yakaiajiri kampuni ya kubuni majina, Interbrand, ili iwatafutie jina linalotamkika. Ndipo likapatikana jina Wi-Fi.

Watu wengi, hata walimu wa kompyuta, hufundisha kwamba Wi-Fi ni kifupisho cha maneno mawili ya Kiingereza. Sivyo. Lilibuniwa kama jina la biashara lenye kukumbusha Hi-Fi, neno lililozoeleka kwa vinanda vya santuri na redio nzuri. Maelezo ya kirefu chake yaliongezwa baadaye katika matangazo, kisha yakaachwa. Kwa lugha ya sarufi, Wi-Fi ni nomino ya pekee iliyobuniwa, kama majina ya sabuni.

Katika vinywa vya watu wetu nomino hiyo ya pekee imekwisha kugeuka nomino ya kawaida: waifai. Imeingia katika ngeli ya I-ZI bila kuomba ruhusa. Tunasema waifai imekatika, waifai za hapa ni nzito. Kwa dhana pana zaidi, wapo wasemao mtandao usiotumia waya, na wapo wasemao mtandao pasiwaya. Wazee wetu waliposikia sauti zikisafiri bila waya walisema simu ya upepo, na sioni kwamba walikosea. Neno mtandao nalo linatokana na kitenzi tanda, yaani kuenea na kufunika, kama wingu linavyotanda. Mtandao wa waifai ndivyo ulivyo hasa. Umetanda juu yetu, hatuuoni, wala haujali ukuta wala lango la chuo.

Jina na nambari

Kila mtandao wa waifai una vitambulisho viwili, na mkanganyiko wote huanzia hapo.

Cha kwanza ni jina tunaloliona katika orodha ya simu. Wataalamu huliita SSID. Jina hili huchaguliwa na mwenye mtandao, naye anaweza kulibadili wakati wowote apendao. Kifaa cha kurushia mawimbi, ambacho wengi wetu tunakiita ruta, hulitangaza mara kumi hivi kila sekunde. Simu yako haifanyi kazi kubwa kukuletea orodha ile ya majina. Inasikiliza tu, kama mtu aliyesimama kwenye kituo cha teksi akisikia makondakta wakinadi njia zao.

Cha pili ni nambari ya kifaa chenyewe, iitwayo BSSID. Hii ina tarakimu na herufi kumi na mbili, zilizopangwa jozi sita. Herufi zinazotumika ni A hadi F tu, kwa sababu hesabu yake ni ya msingi wa kumi na sita. Kwa kawaida jozi tatu za mwanzo humtambulisha aliyetengeneza kifaa, nazo hugawiwa na IEEE ile ile. Jozi tatu za mwisho mtengenezaji huzipanga mwenyewe. Mpangilio huo unatoa nambari zaidi ya trilioni 280, ndiyo maana kila kifaa kinaweza kupata yake.

Mbona vitambulisho viwili? Fikiria maktaba yetu. Ina vifaa vya kurushia mawimbi kwenye kila ghorofa, na kila kimoja kina nambari yake. Lakini vyote vinatangaza jina moja. Ukipanda ngazi kutoka ghorofa ya chini hadi ya tatu, simu yako inaacha kifaa kimoja na kushika kingine bila kukuuliza, kwa sababu imeambiwa: popote utakaposikia jina hili, ni nyumbani. Bila mpango huo ungelazimika kuandika neno la siri kwenye kila ghorofa.

Kwa hiyo jina ni la ukoo na nambari ni ya mtu. Nasi tunajua kwamba jina la ukoo halimtambulishi mtu mmoja.

Sheria za jina

Kanuni zinasema jina la mtandao lisizidi baiti 32. Baiti ni kipimo cha nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, na hapa mwalimu wa lugha ana jambo la kufurahia. Katika mfumo wa UTF-8 unaotumika sana leo, kila herufi ya alfabeti ya Kilatini isiyo na alama hula baiti moja. Kiswahili chetu hakina herufi zenye alama juu yake, kwa hiyo jina la Kiswahili linaweza kufika herufi 32 kamili. Mtu akiliandika jina kwa hati ya Kiarabu, kama walivyoandika mabwana wa Lamu na Pate, kila herufi itakula baiti mbili, naye atabaki na herufi 16. Mwethiopia anayeandika Kiamhari ana herufi kumi tu, kwa kuwa kila moja yake hula baiti tatu. Vijana wanaopenda vikatuni vya nyuso watapata vinane hivi, maana vingi vyake hula baiti nne kila kimoja.

Kompyuta pia haina huruma katika tahajia. Maktaba yenye M kubwa na maktaba yenye m ndogo ni majina mawili tofauti. Jina lenye nafasi tupu mwishoni ni tofauti na lisilo nayo, ijapokuwa jicho halioni kitu. Na sisi wa Kiswahili tuna ng'. Alama yake inaweza kuwa kistari kilichonyooka au kile kilichopinda ambacho simu nyingi hukiweka zenyewe. Cha kwanza hula baiti moja, cha pili baiti tatu. Kwa hiyo Ng'ambo mbili zinazofanana machoni mwako zinaweza kuwa majina mawili kwa kompyuta. Ukiwa umewahi kuandika jina la mtandao kwa mkono wako likakataa, huenda kosa lilikuwa hapo.

Kwamba jina si pambo tu kulidhihirika mwaka 2021. Iligunduliwa kwamba simu za iPhone zikiunganishwa na mtandao wenye jina lililojaa alama za asilimia na herufi fulani, waifai ya simu ilizimika kabisa. Programu ilikuwa imezisoma alama zile kama amri badala ya jina. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka huo huo.

Majina na wajina

Sasa turudi kwenye kibanda cha chai.

Katika Kiswahili mtu mwenye jina kama lako ni somo yako, au wajina wako. Katika mila zetu usomo una heshima yake, na somo hukaribishwa kama ndugu. Lakini hakuna mila inayosema kwamba somo yako ana haki ya kuchukua mshahara wako benki. Simu za leo zina heshima ya usomo, ila hazina tahadhari ya benki.

Simu inapokumbuka mtandao, hukumbuka hasa jina na aina ya ulinzi wake. Kwa kawaida haijifungi kwenye nambari ya kifaa kimoja, kwa sababu ingefanya hivyo isingeweza kupanda ngazi za maktaba nawe. Matokeo yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuketi mahali na kompyuta ya mapajani, akatangaza jina la mtandao wa chuo. Hakuna ofisi ya kusajili majina haya na hakuna wa kumwuliza. Ikiwa mtandao halisi hauna ufunguo, simu yako ikilisikia jina hilo inaweza kujiunga yenyewe hata ikiwa mfukoni. Hata nambari ya kifaa inaweza kughushiwa na mtu mwenye ujuzi.

Huyo ndiye aliyekuwa karibu na kibanda. Jina lilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Yeye alichora mlango wetu, na nyuma yake hapakuwa na nyumba.

Jina kama sehemu ya kufuli

Katika mitandao ya nyumbani yenye neno la siri, jina lina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwa utaratibu wa WPA2, kompyuta haitumii neno lako la siri lilivyo. Hulichukua pamoja na jina la mtandao, ikavikoroga pamoja mara 4,096, na mchanganyiko unaotoka ndio ufunguo. Kwa hiyo nyumba mbili zenye neno la siri moja lakini majina tofauti zina funguo tofauti.

Hapo utaona ubaya wa kuliacha jina la kiwandani. Wezi wamekwisha kukokotoa mapema funguo za majina yaliyoenea pamoja na maneno ya siri yaliyozoeleka, wakaziweka katika majedwali. Mwenye jina la kiwandani na neno la siri dhaifu amewapunguzia kazi. Mwenye jina lake mwenyewe amewalazimisha waanze upya kwa ajili yake peke yake. Utaratibu wa WPA3 uliotolewa mwaka 2018 umeimarisha jambo hili, lakini vifaa vingi tunavyotumia bado ni vya WPA2.

Wako wanaodhani dawa ni kulificha jina. Inawezekana kuiamuru ruta isilitangaze. Lakini mtandao uliofichwa unailazimisha simu yako kuuliza kila iendako: uko hapa? Anayesikiliza atalisikia jina hilo kutoka kwako, sokoni, kanisani au msikitini. Umelificha nyumbani ukalitembeza mitaani.

Jina moja kwa dunia nzima

Upo mtandao ambao umefanya usomo kuwa ndio msingi wake, nao unaitwa eduroam. Wazo lake lilianza Uholanzi mwaka 2002, kwa mhandisi Klaas Wierenga wa shirika la SURFnet. Alitaka mwanachuo anayetembelea chuo kingine apate mtandao kwa hati zake za nyumbani. Leo jina hilo moja linatangazwa katika nchi zaidi ya mia moja. Hapa kwetu linaletwa na RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda. Mwanafunzi anayetoka Kampala kwenda kongamano Nairobi au Dar es Salaam anaweza kufungua simu yake akakuta imekwisha kuunganika.

Je, jina moja lililoenea hivyo si karamu ya matapeli? Ingekuwa hivyo kama usalama ungetegemea jina. Eduroam hautegemei jina. Unapojiunga, mtandao wa mwenyeji husoma sehemu ya jina lako la kuingilia iliyo baada ya alama ya @, ukajua chuo chako, ukapeleka ombi lako huko. Chuo chako hujitambulisha kwa cheti cha kielektroniki, na simu yako hukikagua kabla ya kutoa neno la siri. Chuo cha mwenyeji hakilioni neno hilo. Ni kama mgeni afikaye mjini na barua ya utambulisho. Mwenyeji hahitaji kumjua yeye, anahitaji kuujua muhuri.

Ila simu hukagua muhuri ikiwa tu imeelekezwa kuukagua. Mwanafunzi anayeiweka simu yake kwa haraka na kuchagua kutokagua cheti amerudi kule kule kwenye kibanda.

Majina tunayowapa watu wayasome

Jina la mtandao ni maandishi ya hadhara. Juzi jioni nilifungua simu dirishani kwangu nikahesabu majina kumi na manne. Sita yalikuwa ya kiwandani. Mawili yalikuwa na jina la mtu pamoja na nambari ya chumba chake, jambo la hatari, kwani linamwambia mpita njia ni nani yuko wapi. Moja tu lilikuwa la Kiswahili, nalo lilisema: Nunua Yako. Nilicheka, kisha nikafurahi kwamba jirani asiyejulikana ametumia lugha yetu kwa utani wenye sarufi safi.

Yafaa pia kujua kwamba magari na simu zinazopita hurekodi majina na nambari za ruta ili kusaidia ramani za simu kujua mahali. Tangu mwaka 2011 kampuni ya Google imekubali kwamba asiyetaka ruta yake itumiwe hivyo aongeze _nomap mwishoni mwa jina la mtandao wake.

Mambo ya kufanya

Kwa faida ya wanafunzi na walimu wenzangu, nafupisha:

1. Jina sahihi si uthibitisho. Usiandike neno la siri la chuo katika ukurasa uliofunguka wenyewe nje ya eneo la chuo. Soma kwanza anwani ya ukurasa.

2. Panapo eduroam, itumie, na simu yako iwekwe kwa maelekezo ya ofisi ya kompyuta ili ikague cheti.

3. Futa katika simu mitandao isiyo na ufunguo uliyowahi kuitumia hotelini na stendi, au izuie simu isijiunge yenyewe.

4. Nyumbani, badili jina la kiwandani. Usiweke jina lako, simu yako wala nambari ya chumba. Neno la siri liwe refu. Utaratibu unaruhusu herufi kuanzia 8 hadi 63, na sentensi nzima ya Kiswahili isiyozoeleka inatosha vizuri.

5. Ukiombwa pesa kwa ujumbe, mpigie mwombaji usikie sauti yake.

Kwa walimu, napendekeza zoezi la dakika arubaini. Wanafunzi waorodheshe majina ya mitandao yanayoonekana darasani, wayaainishe kwa lugha, kwa muundo na kwa lengo: kutambulisha, kutania, kuonya au kujigamba. Kisha kila kikundi kitunge tangazo la Kiswahili la kuwaonya wanachuo kuhusu mitandao bandia, bila kutumia neno la Kiingereza wala istilahi isiyoelezwa. Darasa langu lilifanya hivyo. Mjadala wa kama tuseme mtandao bandia, mtandao ghushi au mtandao wajina ulichukua nusu ya kipindi, na sijapata mjadala wa istilahi ulio hai kuliko huo tangu nianze kufundisha.

Hitimisho

Tumeona kwamba jina la mtandao hutuelekeza tu. Halimthibitishi mwenyewe. Uthibitisho hutoka kwenye ufunguo au cheti. Jambo hilo halikuhitaji lugha ya kigeni kuelezwa. Lilihitaji mtu aketi alielewe, kisha atafute maneno ambayo mengi yake yalikuwapo tayari: jina, somo, muhuri, kufuli, mlango.

Mwanafunzi wetu amerudishiwa barua pepe yake. Pesa za wenzake hazikurudi, naye anawalipa kidogo kidogo. Tangazo lililochaguliwa na darasa sasa limebandikwa ubaoni, juu ya lile la Kiingereza, na ni yeye aliyeandika sentensi yake ya kwanza: Jina ni lile lile, mwenye jina siye.